"Hatukuona saratani" si sawa na "hakuna saratani": rangi za protini na kipimo cha nyongo



Kila aliyewahi kuchinja kuku anakijua kile kifuko cha kijani kilichojibanza chini ya ini. Mama zetu walikuwa wakikitoa taratibu kwa ncha ya kisu, kwa sababu kikipasuka ini lote huwa chungu, halifai tena. Sisi binadamu nacho tunacho, na maji yaliyomo humo ndiyo nyongo. Leo nataka tuzungumze juu ya maji hayo: jinsi yanavyopimwa maabara ili kutafuta saratani, kwa nini kipimo cha kawaida mara nyingi huikosa, na vipi rangi maalumu za kuonesha protini zinavyosaidia.

Mimi si daktari. Nilikuwa karani kwa miaka mingi, kazi yangu mafaili na barua, na elimu yangu ya sayansi ni ya skuli ya misheni, ambako mwalimu alitupasulia chura mezani tukaandika majina ya viungo vyake kwa wino. Lakini hapa Matrah mtu wa umri wangu anayesoma Kiingereza huletewa karatasi za spitali na jamaa na majirani awasomee. Karatasi niliyoletewa zaidi ya mara moja ni ile yenye jibu kwamba katika nyongo ya mgonjwa hazikuonekana seli za saratani. Wenyewe hushangilia, sadaka hutolewa, na wako wanaoacha kwenda kwenye miadi iliyobaki. Furaha yao naielewa. Ila maneno yale yana maana finyu kuliko tunavyoyachukulia, na asiyeielewa maana hiyo anaweza kumpotezea mgonjwa wake miezi ile ile ambayo angeweza kutibiwa.

Nyongo na njia yake

Ini la mtu mzima hutengeneza nyongo kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa siku. Nyingine huteremka moja kwa moja utumboni, nyingine huwekwa akiba katika kile kifuko, ambacho hubeba kama mililita 30 hadi 50, mpaka mtu ale chakula chenye mafuta. Kazi yake ni kuyayeyusha mafuta yapate kusagika. Pia ni njia ya mwili kutupa taka. Chembe nyekundu ya damu huishi yapata siku 120. Ikifa, rangi yake hugeuka kitu cha manjano kiitwacho bilirubini, na ini hukitupa kupitia nyongo. Hicho ndicho kinachokipa choo rangi yake.

Njia ya nyongo ni mrija mwembamba. Ule mrija mkuu, ukiwa mzima, upana wake ni kama milimita 6 tu, unene wa penseli. Unapita nyuma ya utumbo, ukipenya kichwa cha kongosho, kisha unamwaga utumboni kwa tundu dogo. Mrija huo ukiziba, bilirubini hurudi kwenye damu. Macho huwa manjano, kisha ngozi. Mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi, choo hupauka kama udongo mweupe, na mwili huwasha usiku kucha.

Hapa Oman watu huiita hali hiyo abu safar, baba wa manjano. Kwetu pwani neno safura limetokana na shina hilo hilo la Kiarabu, ijapokuwa sisi tulilipeleka kwenye ugonjwa wa minyoo unaompausha mtu. Wengine husema homa ya manjano, lakini hiyo hasa ni maradhi mengine yaletwayo na mbu. Ninachokisema hapa ni macho ya manjano yanayotokana na nyongo kukosa njia.

Si kila manjano ni saratani, na hilo niliseme mapema nisije nikawatisha watu. Katika familia zetu ziko sababu nyingi. Selimundu imeenea Oman na imeenea pwani ya Afrika Mashariki. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1995 ulionesha kwamba kiasi cha watoto 6 katika kila 100 wa Oman wanabeba chembe yake ya urithi. Mwenye maradhi yenyewe, chembe zake nyekundu hufa baada ya siku 10 au 20 badala ya 120, kwa hiyo bilirubini humzidi na hujiganda ikawa vijiwe vya nyongo, hata akiwa kijana. Wako wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao wakila ful damu yao huvunjika. Yako na maambukizo ya ini. Oman ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini aina ya B mwaka 1990, lakini sisi tuliozaliwa kabla hatukuwahi chanjo ile.

Saratani iliyojificha

Pamoja na hayo, iko saratani inayoota ndani ya mrija wenyewe wa nyongo, na iko ya kichwa cha kongosho inayoubana mrija kwa nje. Zote mbili ni adimu ukizilinganisha na saratani ya matiti au ya utumbo mpana, lakini ni kali, na ukali wake unatokana na kujificha. Mrija uko ndani kabisa ya tumbo, hakuna uvimbe wa kupapasa kwa mkono, na mara nyingi hakuna maumivu. Mwaka 1965 daktari wa Kimarekani, Gerald Klatskin, alieleza saratani inayoota pale mirija miwili ya ini inapokutana. Uvimbe wenyewe ulikuwa mdogo sana, lakini ulitosha kuziba ini zima. Mpaka leo saratani ya mahali pale inaitwa kwa jina lake.

Sababu zake hazijulikani kwa kila mgonjwa, lakini baadhi zinajulikana vizuri. Kaskazini mashariki ya Thailand, ambako watu hula samaki wabichi wa mtoni, mnyoo mdogo huingia katika mirija ya nyongo na kuichubua kwa miaka mingi; huko ndiko saratani hii ilikoenea kuliko mahali pengine popote duniani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilimtangaza mnyoo huyo kuwa msababishi wa saratani mwaka 1994. Mjini Osaka, Japani, wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha uchapaji, wengine bado vijana, waliugua saratani ya mirija ya nyongo; ikagundulika kuwa walikuwa wakivuta hewa ya dawa ya kusafishia wino wa mashine katika chumba kisicho na hewa ya kutosha. Mwaka 2014 shirika lile lile liliiweka dawa hiyo, dikloropropani, katika orodha ya visababishi vya saratani. Wenye makovu ya muda mrefu katika mirija, na wenye vijiwe vilivyokaa ndani ya mirija kwa miaka, nao wako katika khatari zaidi.

Upasuaji ndio tiba yenye tumaini la kuponesha kabisa, na unawezekana tu ikiwa saratani haijatambaa. Kwa hiyo suala zima ni wakati. Kuijua mwezi huu na kuijua baada ya miezi sita ni mambo mawili mbali kabisa.

Sampuli inavyopatikana

Mgonjwa mwenye macho ya manjano kwanza hupigwa picha ya sauti tumboni, kisha picha za mashine kubwa. Picha zikionesha kwamba mrija umebanwa mahali, swali huwa: kimebana nini? Kijiwe, kovu, au saratani?

Hapo ndipo mtu anapoambiwa habari ya ERCP. Ni mpira mwembamba wenye kamera, unaopitishwa mdomoni, tumboni, hadi kwenye lile tundu ambako nyongo inamwagika utumboni. Ulianza kutumiwa kwa kupiga picha mwaka 1968, na kuanzia mwaka 1974 madaktari wa Ujerumani na Japani wakaanza kulipanua tundu lenyewe na kutoa vijiwe bila ya kupasua tumbo. Kupitia mpira huo daktari huweza kuvuta nyongo kwa sindano, kuupangusa mrija kwa kiburashi kidogo kama cha kusafishia chupa, au kukwanyua vipande vya nyama. Mara nyingi pia huacha humo kibomba kidogo, kinachoitwa stenti, nyongo ipate kupita na manjano yapungue.

Nyongo au vile vilivyopanguswa na kiburashi hupelekwa maabara. Kule huzungushwa katika mashine kwa kasi ili seli zitue chini, kisha hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi, na mtaalamu wa patholojia huziangalia kwa hadubini.

Kwa nini jicho hukosa

Seli haina rangi. Ukiiweka chini ya hadubini kama ilivyo, ni kama kusoma barua iliyoandikwa kwa maji. Ndiyo maana tangu zamani hutiwa rangi. Rangi ya buluu inayotumika zaidi asili yake ni mti wa Mexico na Amerika ya Kati, na huenda ikashika katika kiini cha seli. Daktari George Papanicolaou, mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi New York, alichanganya rangi kadhaa na mwaka 1943 yeye na mwenzake wakatoa kitabu kilichoonesha jinsi saratani ya shingo ya kizazi inavyoweza kuonekana katika seli zilizopanguswa. Kipimo hicho kimewaokoa wanawake wengi mno duniani, na mpaka leo wanakiita kwa kipande cha jina lake.

Rangi hizo za kawaida huonesha umbo. Mtaalamu hutazama: kiini kimekuwa kikubwa? Kina kingo zilizopinda? Seli zimejipanga kwa utaratibu au zimerundikana ovyo? Katika shingo ya kizazi njia hii hufaa sana. Katika nyongo hukutana na mashaka matatu.

La kwanza, seli ni chache. Saratani ya mrija mara nyingi imejaa nyuzi ngumu kama kovu, na seli zenyewe zimejificha chini. Kiburashi hupita juu kikachukua zilizo nzima.

La pili, nyongo huozesha. Maji yale yale yanayoyeyusha mafuta ya chakula huharibu seli zinazoelea ndani yake. Sampuli ikikaa mezani wakati ikisubiri mtu wa kuipeleka, seli huvimba na kupoteza sura. Mtaalamu hupokea mabaki.

La tatu, ndilo gumu zaidi: mrija uliochubuliwa na kijiwe, na maambukizo au na stenti hutoa seli zilizovimba viini, zinazofanana na za saratani. Mtaalamu mwaminifu akiziona huandika kuwa zina mashaka, wala hasemi ndiyo wala hapana. Hawezi kumpeleka mtu kwenye upasuaji mkubwa kwa dhana.

Matokeo yake ni haya. Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2015, ulionesha kwamba katika kila watu 100 ambao kweli wana saratani ya mrija wa nyongo, kiburashi huwakamata kama 45 tu. Nyongo iliyovutwa peke yake, bila ya kupangusa, kwa kawaida hukamata wachache zaidi. Lakini kipimo hicho kikisema saratani ipo, ni nadra sana kukosea. Kwa maneno mengine, "ndiyo" yake ni ya kuaminiwa, "hapana" yake si ya kutegemewa.

Hapo ndipo yanapokuja maneno ya kichwa cha makala hii. Ripoti inaposema seli za saratani hazikuonekana, inasema juu ya kioo kile kimoja. Ukitupa nyavu asubuhi pwani ya Matrah ukaivuta tupu, umejua kuwa nyavu yako haikupata samaki. Hujajua kuwa bahari haina samaki.

Rangi zinazotafuta jina, si umbo

Sasa tufike kwenye rangi za protini. Wazo lake limetokana na kinga ya mwili. Mwili ukiingiliwa na kitu kigeni hutengeneza kingamwili, na kila kingamwili hushika kitu kimoja tu, kama ufunguo na kufuli yake. Mwaka 1941, Marekani, daktari Albert Coons na wenzake waliipachika kingamwili rangi inayong'aa, wakaweza kuona mahali vijidudu fulani vilipo ndani ya nyama ya mwili. Mwaka 1966 watafiti wengine wakapachika kimeng'enya badala ya rangi ya kung'aa, na kimeng'enya hicho kikipewa dawa yake huacha doa la kahawia ambalo hadubini ya kawaida inaliona. Kisha mwaka 1975, Cambridge, Georges Köhler wa Ujerumani na César Milstein wa Argentina wakapata njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja tupu, kiasi chochote kinachotakiwa. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Kwa sisi makarani ni rahisi kuelewa. Rangi ya kawaida ni sawa na kumtambua mtu kwa kimo na mwendo wake: ukimwona kwa mbali barabarani unaweza kukosea. Rangi ya protini ni sawa na kumtaka atoe kitambulisho. Inaiuliza seli: unayo protini fulani ndani yako au huna? Ikiwa nayo, hugeuka kahawia; ikiwa haina, hubaki buluu.

Protini zinazoulizwa katika nyongo ni kadhaa, na nitazitaja chache zenye maana iliyo wazi.

Iko p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Kazi yake ni kulinda: seli ikiwa na hitilafu katika chembe zake za urithi, p53 huizuia isigawanyike. Katika seli nzima haidumu, hutengenezwa na kuvunjwa upesi, kwa hiyo haionekani sana. Katika saratani nyingi p53 yenyewe imeharibika, haivunjwi, hurundikana ndani ya kiini, nacho huwa kahawia iliyokolea.

Iko Ki-67, iliyopewa jina la mji wa Kiel, Ujerumani, mwaka 1983. Huonekana katika seli zinazogawanyika tu. Ikiwa nyingi zimeshika rangi, zinaongezeka kwa kasi.

Iko S100P, herufi ya mwisho ikiashiria kondo la nyuma la mzazi ambako ilipatikana kwanza. Seli nzima za mrija kwa kawaida hazinayo ya kutosha kuonekana. Saratani nyingi za nyongo na kongosho zinayo tele. Iko IMP3, ambayo mtoto huwa nayo tumboni mwa mama yake, kisha karibu hupotea mwilini; ikirudi katika seli za mtu mzima wa mrija wa nyongo, ni dalili mbaya.

Na ziko ambazo dalili yake ni kutokuwepo. Protini ya VHL ipo katika seli nzima za mrija na hupotea katika saratani nyingi za hapo. SMAD4 hali kadhalika. Karibu nusu ya saratani za kongosho zimeipoteza.

Hakuna protini moja inayotosha kutoa hukumu. Seli zilizovimba kwa sababu ya maambukizo nazo hugawanyika, kwa hiyo Ki-67 peke yake inaweza kudanganya. Baadhi ya saratani hazioneshi p53. Seli za tumbo zilizokokotwa na mpira njiani zinaweza kushika rangi na kumchanganya mtaalamu. Kwa hiyo huchaguliwa kundi la protini, zinazotarajiwa kuwepo na zinazotarajiwa kupotea, na jibu hutokana na ushahidi wao kwa pamoja. S100P na IMP3 zikiwepo na VHL ikawa imepotea, katika seli ambazo umbo lake lilikuwa linatiliwa mashaka, mtaalamu anaweza kutoka kwenye "sina hakika" akafika kwenye jibu. Hapo ndipo faida yake kubwa ilipo: kwa wale walioachwa katikati, ambao kioo cha kwanza hakikusema ndiyo wala hapana.

Faida nyingine ni kumwepusha mtu na kisu. Uko ugonjwa wa kinga ya mwili unaohusiana na protini ya IgG4, ambao huubana mrija wa nyongo ukafanana kabisa na saratani katika picha. Dawa yake ni vidonge vya steroidi. Wako waliopasuliwa wakidhaniwa wana saratani, kumbe ni huo. Kipande cha nyama kikipakwa rangi ya IgG4, pamoja na kipimo cha damu na picha, daktari hupata njia ya kuutofautisha.

Mipaka yake

Rangi hizi hazifufui seli zilizokufa. Ikiwa sampuli haina seli, au zimeoza, kingamwili haina cha kushika. Ndiyo maana maabara nyingi hupenda kukusanya mashapo ya nyongo, kuyagandisha kama kidonge, na kuyatia ndani ya nta. Kisha hukatwa vipande vyembamba mno, na kila kipande hupakwa rangi ya protini yake. Sampuli iliyobaki ndani ya nta hudumu miaka. Inaweza kutolewa tena na kuulizwa swali jipya bila ya kumwingiza mgonjwa mpira mara ya pili.

Pia ziko njia nyingine zinazosaidiana nayo: kuhesabu kromosomu kwa alama zinazong'aa, na kusoma chembe za urithi zenyewe. Kusoma huko siku hizi kuna faida ya pili, kwani katika miaka ya karibuni zimepatikana dawa za vidonge kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya mirija ambao chembe zao za urithi zina hitilafu maalumu.

Nitaje na kipimo cha damu kiitwacho CA 19-9, kwa sababu wengi huletewa namba yake na kuitegemea mno. Namba hiyo hupanda hata kwa kijiwe, mradi nyongo imeziba. Na wako watu ambao mwili wao kwa kuzaliwa hauwezi kuitengeneza, kwa kuwa wanakosa alama ya damu iitwayo Lewis. Hao namba yao hubaki chini hata wakiwa na saratani. Watu wa namna hiyo ni wengi zaidi miongoni mwa wenye asili ya Afrika. Sisi tuliochanganya damu za pande mbili za bahari tulijue hilo.

Mambo ya kufanya

Wazee wa Matrah wanaikumbuka spitali ya misheni ya Kimarekani, ya daktari Paul Harrison na baada yake daktari Wells Thoms, aliyefika mwaka 1939 na kukaa mpaka 1970. Watu walikwenda huko kwa punda na kwa mashua kutoka Batina na Sharqiya, kwa sababu hapakuwa na pengine. Leo tunayo Royal Hospital tangu 1987, spitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos tangu 1990, na kituo kipya cha saratani. Masafa hayatuzuii tena kama zamani. Kinachotuchelewesha sasa mara nyingi ni sisi wenyewe.

Macho yakigeuka manjano kwa mtu mzima, asipelekwe kwanza kwa mwenye kuchoma. Wengi wetu tuna jamaa wenye alama za chuma cha moto mkononi au tumboni kwa ajili ya abu safar. Manjano ya maambukizo mara nyingi huondoka yenyewe, ndipo chuma kikapata sifa isiyo yake. Manjano ya mrija uliozibwa na uvimbe hayaondoki kwa moto, na wiki tatu za kungoja kidonda kipone ni wiki tatu zilizopotea. Manjano yasiyo na maumivu kwa mtu wa makamo, na khasa akiwa anakonda, yaende kwa daktari wiki hiyo hiyo.

Akifanyiwa ERCP, mmoja katika familia aulize haya kwa adabu, na ayaandike majibu. Sampuli iliyochukuliwa ni nyongo tu, au kuna kiburashi na vipande vya nyama pia? Seli zilikuwa za kutosha? Ikiwa jibu halikuona saratani lakini picha bado zina mashaka, hatua inayofuata ni ipi, na lini? Rangi za protini zimepakwa, au zinaweza kupakwa juu ya sampuli iliyobaki? Kesi itazungumzwa katika kikao cha mabingwa wa upasuaji, picha na patholojia kwa pamoja? Haya si maswali ya kumkosesha daktari heshima. Daktari mzuri hufurahi kuulizwa.

Anayesafiri kwenda India au Bangkok kutafuta maoni ya pili asibebe karatasi za ripoti peke yake. Aombe vile vioo na ile sampuli ya nta, au vipande vilivyokatwa kutoka humo, kwa utaratibu wa spitali. Ripoti ni maneno ya mtu wa kwanza. Bingwa wa pili anahitaji kutazama kwa macho yake. Mara nyingine hiyo peke yake humwepusha mgonjwa na mpira wa pili.

La mwisho ni la kikarani, na naliomba lisidharauliwe. Majina yetu yanafanana mno. Babu, mjukuu na binamu wote ni Salim bin Nasser, na pasipoti ya Zanzibar iliandika hivi, kitambulisho cha Oman kikaandika vile. Kila fomu ya sampuli ilinganishwe na namba ya kitambulisho cha mgonjwa, si jina peke yake, na anayemsindikiza aisome kwa sauti kabla ya kutia saini. Rangi bora kuliko zote haina faida juu ya kioo chenye jina la mtu mwingine.

Na yule mgonjwa mwenyewe asifichwe. Najua desturi yetu: watoto hukaa kikao barazani, mzee akaambiwa ana kijiwe tu. Lakini mtu asiyejua anangojea nini hatakubali kurudi kuchukuliwa sampuli ya pili, na mara nyingi ni hiyo ya pili inayotoa jibu. Aambiwe kwa upole, na mtu anayempenda, kwamba kipimo cha kwanza hakikutosha na wanaendelea kutafuta. Wazee wamebeba mazito kuliko hayo. Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu wote.